Bima, TASAF na Mkazi wa Malampaka: Nani Anastahili Nini?

Malampaka, wilayani Maswa mkoani Simiyu, ni mji wa stesheni, na mji wa stesheni hauishiwi wageni. Reli ya kutoka Tabora kwenda Mwanza, iliyofika ziwani mwaka 1928, inapita hapa, na sasa kuna ujenzi wa reli ya kisasa (SGR) ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, uliowekewa jiwe la msingi Juni 2021. Wapo vibarua kutoka mikoa mingine, wapo wanunuzi wa mpunga na dengu wanaokuja msimu ukifika, wapo waliozaliwa nje ya nchi wakaolewa hapa. Na wapo Wasukuma wenyewe waliopeleka ng'ombe Katavi na Rukwa wakaacha bibi na wajukuu nyumbani. Ndiyo maana serikali ikitangaza huduma mpya, swali la kwanza kijiweni huwa fupi: na mimi nimo?

Majibu yafuatayo yanahusu zaidi sheria mbili. Ya kwanza ni Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, Na. 13 ya mwaka 2023, iliyopitishwa na Bunge Novemba mwaka huo. Ya pili ni Sheria ya Fedha ya mwaka 2025, iliyokwenda sambamba na bajeti ya 2025/26 iliyoanza Julai 1. TASAF, mfuko wa ruzuku kwa kaya maskini, imeingia humu kwa sababu mtaani watu hawaitenganishi na bima. Mwishoni kuna habari za Marekani, kwa ajili ya wenye ndugu huko.

Hii bima ni lazima? Nisipokuwa nayo nitakamatwa?

Sheria inamtaka kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima ya afya. Lakini hofu ya kukamatwa ina historia yake. Muswada wa kwanza ulioingia bungeni Septemba 2022 ulikuwa na meno makali: ulitaka kufunganisha bima na mambo kama leseni ya udereva, leseni ya biashara na hati ya kusafiria. Wabunge wakapiga kelele, wananchi nao wakapiga kelele, muswada ukarudishwa kufanyiwa kazi. Maneno mengi yanayozunguka mpaka leo, kwamba bila kadi hutapata hiki wala kile, ni mabaki ya muswada ule. Mtu akija nyumbani kwako akikutishia jela ili umpe hela ya bima mkononi, huyo ni tapeli.

Mwajiriwa wa sekta rasmi hana la kuchagua: mchango ni asilimia 6 ya mshahara, unaogawanywa kati yake na mwajiri. Mkulima, mama lishe na dereva wa bodaboda wanalipa kwa kaya, na hapo ndipo penye ugumu. Tangu mwaka 2018 tulikuwa tumezoea Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa: Sh30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, ulitibiwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa ukiwa na barua ya rufaa. Serikali ilipotoa hesabu yake ya kwanza ya bima kwa wote mwaka 2022 ilitaja Sh340,000 kwa kaya hiyo hiyo. Pengo hilo ndilo lililowashtua watu, na kwa maoni yangu walikuwa na haki ya kushtuka. Kaya inayouza pamba mara moja kwa mwaka haihesabu fedha kwa mwezi kama mwalimu au nesi.

Ushauri wa vitendo: weka fedha ya bima pembeni siku unapolipwa pamba au mpunga. Malaria hushamiri na mvua, wakati ambapo hela ya msimu imeshakwisha na mahindi yako bado mabichi shambani. Kabla ya kulipa, uliza ofisi ya kijiji au kituo cha afya kiwango na kifurushi cha mwaka huu, na ulipe kwa namba ya malipo ya serikali, ile wanayoiita kontroo namba. Risiti itunze.

Na asiye na uwezo analipiwa na nani?

Sheria imeanzisha mfuko kwa ajili yao, na imetaja vyanzo vyake: ushuru wa soda, pombe na vipodozi, kodi ya michezo ya kubahatisha, tozo kwenye bima za vyombo vya moto na miamala ya kielektroniki. Anayekunywa soda ya baridi pale stesheni akisubiri treni amekwishachangia bila kujua.

Bajeti ya 2025/26 iliongeza nguvu upande huo, na sababu yake ilitoka mbali. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na sehemu kubwa ya fedha za kupambana na UKIMWI nchini ilikuwa inatoka huko. Juni 12, 2025, Waziri wa Fedha Mwigulu Nchemba alipowasilisha bajeti ya Sh56.49 trilioni alileta tozo mpya, zikiwemo za vileo na za magari yanayoagizwa kutoka nje. Mgawanyo alioutaja ulikuwa asilimia 70 kwenda Mfuko wa Udhamini wa Kudhibiti UKIMWI, na asilimia 30 kwenda bima ya afya kwa wote. Anayechukua dawa za kufubaza virusi katika kliniki ya CTC anapaswa kujua kwamba dawa hizo hazikugeuzwa kuwa za kulipia. Vivyo hivyo matibabu ya kifua kikuu na ukoma: ni bure, kadi iwepo isiwepo.

Niko TASAF. Maana yake bima nimeshapata?

Usijihesabie mpaka uone jina lako. TASAF ni ruzuku ya kaya maskini, bima ni kitu kingine, ingawa taarifa za kaya za TASAF zimekuwa zikitajwa kama mahali pa kuanzia katika kutambua wasio na uwezo. Uliza kwa mtendaji wa kijiji: je, kaya yangu imo kwenye orodha ya kulipiwa bima? Ukiambiwa imo, omba kuonyeshwa.

Inafaa kukumbuka jinsi mtu anavyoingia TASAF, kwa sababu lawama nyingi zinaelekezwa pasipo. Kaya hutajwa kwenye mkutano wa kijiji. Baada ya hapo hupita dodoso kukagua nyumba, mifugo, shamba na idadi ya wanaotegemea. Kompyuta hukokotoa, kisha orodha hurudi kwa wananchi kuhakikiwa. Ndivyo utaratibu ulivyo kwenye karatasi. Kwa kweli mkutano ule ndio kila kitu, na Malampaka kama kwingine, mkutano wa hadhara hujaa watu siku ya kugawa na huwa mtupu siku ya kutambua. Mjane anayeishi pembezoni mwa kitongoji, ambaye hakuwepo na hakuna aliyemtaja, hakuna sheria iliyomkataa. Hakuandikwa tu.

Ruzuku ina masharti: watoto wadogo wafikishwe kliniki, wa shule wahudhurie. Wenye nguvu hupata pia ajira za muda, kama kuchimba malambo na kutengeneza barabara. Kazi ya malambo kwa Simiyu yenye ukame ina maana zaidi pengine kuliko ilivyo kwa mikoa ya mvua.

Nimehamia hapa mwaka jana kutoka mkoa mwingine. Mimi ni mgeni?

Kisheria hapana. Wewe ni Mtanzania, na mkazi wa pale unapoishi. Lakini huduma hizi hutolewa kwa orodha, na orodha hukaa kijijini. Kaya iliyohama Maswa ikaenda Mpanda jina lake limebaki Maswa. Kaya iliyotoka Geita ikaja hapa haijulikani hapa. Matokeo yake mtu anakuwa mgeni kokote.

Dawa yake ni barua. Kabla ya kuhama, mwarifu mtendaji wa kijiji na uchukue barua ya utambulisho. Kama ni mnufaika wa TASAF, mwambie na mratibu aliye halmashauri ili taarifa zako zihamishwe. Ukifika, usiishie kwa mwenye nyumba wala kwa rafiki aliyekukaribisha. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji ukaandikwe kwenye daftari la wakazi. Kwetu Usukumani tumezoea mgeni atambulishwe kwa sungusungu kwa ajili ya usalama, na huo ni utaratibu mzuri, ila sungusungu hawatoi barua ya kukupeleka hospitali.

Vijana wanaotaka mikopo ya halmashauri nao wasikie hili. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka wa fedha 2024/25. Ni kwa vikundi vya raia vilivyosajiliwa, na kikundi cha watu wasiotambulika na ofisi ya kata hakitafika mbali.

Mbona nina haki lakini kila nikienda naambiwa "jina halisomi"?

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, kuliko kwenye kifungu chochote cha sheria.

Tuseme mtoto alizaliwa siku ya mvua, nyumbani akaitwa Kabula. Akabatizwa Christina. Shuleni mwalimu akaandika Kristina Masanja, Masanja akiwa babu yake, kwa kuwa babu ndiye aliyempeleka kuandikishwa. Alipoolewa, kadi ya kliniki ikaandikwa Christina wa jina la mume. Siku ya kitambulisho cha taifa, NIDA, akasajiliwa Kabula kwa jina la baba yake mzazi, na laini ya simu ikasajiliwa kwa alama ya kidole ya shemeji kwa sababu namba yake ya NIDA ilikuwa haijatoka. Huyu ni mtu mmoja, lakini kwa mashine ni watu wanne, na hakuna hata mmoja mwenye simu. Ruzuku ikitumwa kwa simu inaenda kwa shemeji. Bima ikitafutwa kwa NIDA haipatikani. Mhudumu anasema jina halisomi, naye anasema kweli.

Linarekebishika, na ni bora lirekebishwe kabla ya ugonjwa. Anza na namba ya NIDA, kwa sababu ndiyo inayoulizwa kila mahali. Kama jina lililoko NIDA si unalotumia, amua lipi linabaki, kisha ufuate la NIDA au uombe marekebisho ukiwa na cheti cha kuzaliwa na hati ya kiapo ya wakili au mahakama. Laini ya simu irudishwe kwenye jina lako. Watoto wadogo ndio rahisi zaidi: chini ya miaka mitano wanasajiliwa na kupewa cheti cha kuzaliwa bila malipo, kupitia vituo vya afya na ofisi za kata, chini ya utaratibu wa RITA. Mwandikie mtoto majina matatu yale yale utakayompeleka nayo shuleni. Majina ya ukoo na ya matambiko yabaki nyumbani, hayana ubaya, ila yasiingie kwenye fomu moja yakakosekana kwenye nyingine.

Mzee wangu ana miaka 72. Mbona anaambiwa alipe?

Sera inasema wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo watibiwe bure. Maneno "wasio na uwezo" ndiyo yanayosahaulika na wote wawili, mzee na mhudumu. Umri peke yake hautoshi. Lazima mzee awe ametambuliwa na serikali ya kijiji na ustawi wa jamii, apewe kitambulisho cha matibabu. Bila hicho, mhasibu dirishani hana la kumsaidia hata akimwonea huruma.

Wajawazito na watoto chini ya miaka mitano wamesamehewa pia kwa sera, katika vituo vya umma. Wanawake wengi nchini watakwambia waliambiwa waende na glavu, pamba na uzi. Msamaha wa ada haujazi stoo ya dawa. Ukikutana na hali hiyo, kamati ya kituo cha afya ina wajumbe kutoka kwa wananchi. Malalamiko yapelekwe huko, na yaandikwe.

Mke wangu ni Mrundi, mume wangu ni Mkenya. Wao je?

Tutenganishe mambo mawili, ukazi na uraia. Sheria ya bima inazungumzia mkazi. Kwa hiyo mgeni anayeishi nchini kihalali hajafungiwa mlango wa kujiunga, ila atalipa mchango wake. Ruzuku ya TASAF na mikopo ya halmashauri ni mambo ya raia. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inamrahisishia Mkenya au Mrundi kuingia na kufanya kazi kwa vibali; haimwingizi kwenye orodha ya kaya maskini ya kijiji.

NIDA inasajili raia, wageni wakaazi na wakimbizi, kila kundi na kitambulisho chake. Mgeni aliyeishi Malampaka miaka 20 bila kibali hana hata kimoja, na kadiri huduma zinavyofungwa kwenye namba ndivyo anavyozidi kubanwa. Aliyeolewa na Mtanzania anaweza kuomba uraia kwa njia ya ndoa chini ya Sheria ya Uraia ya 1995. Mwanamume mgeni aliyeoa Mtanzania hakupewa njia hiyo. Anaomba tajnisi kama mgeni mwingine yeyote. Ubaguzi huo sioni sababu ya kuutetea, lakini ndivyo sheria ilivyoandikwa. Watoto waliozaliwa hapa, ambao mzazi mmoja ni Mtanzania, ni raia. Waandikishwe mapema, na jina la mzazi huyo lionekane kwenye cheti.

Nchi hii imewahi kufungua mlango kwa upana. Warundi waliokimbia mwaka 1972 wakaishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu walipewa nafasi ya kuomba uraia, na zaidi ya 162,000 walikubaliwa. Vyeti vyao vikaanza kutolewa Oktoba 2014. Leo hao ni Watanzania kama mimi na wewe, TASAF na yote. Anayewauliza "wewe si wa kambini?" kwenye mkutano wa kijiji anawabagua, hasemi utani.

Wageni wa kupita ni habari nyingine. Zanzibar ilianza Oktoba 2024 kuwatoza bima ya safari ya dola 44, na bajeti ya 2025/26 ikaleta pendekezo la kiwango hicho hicho kwa Bara, likiwaacha nje raia wa nchi za Afrika Mashariki na SADC. Shangazi anayetoka Kisumu kuja kuwaona wajukuu hahusiki.

Nafanya kibarua kwenye reli. Nikiumia?

Hili halitegemei kijiji chako wala uraia wako. Mwajiri anapaswa kuwa amejisajili Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kukusanya michango mwaka 2015, na mchango ni wake peke yake, asilimia 0.5 ya mishahara. Asikukate wewe. Ukiumia kazini, hakikisha ajali inaripotiwa na umepata nakala. Kuna kandarasi ndogo chini ya kandarasi kubwa, na katikati hapo ndipo vibarua hupotelea; kwa hiyo siku ya kwanza uliza jina la kampuni iliyokuajiri hasa, uliandike.

Ndugu yetu yuko Marekani. Tunasikia wamefutiwa misaada, na fedha anazotutumia zinakatwa kodi?

Zote mbili zina ukweli, lakini nusu. Julai 4, 2025 Rais Donald Trump alitia saini sheria kubwa ya bajeti. Kwa msaada wa chakula uitwao SNAP, sheria hiyo iliwaondoa wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao bado hawajapata Green Card. Wanaoguswa ni pamoja na Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili, baadhi yao waliopita kambi ya Nyarugusu huko Kigoma kabla ya kupelekwa Marekani. Bima ya Medicaid inafuata mkondo huo huo kuanzia Oktoba 1, 2026. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba Green Card baada ya mwaka mmoja nchini humo, na akiipata anarudi kwenye sifa ya SNAP bila kungoja. Kwa hiyo mwenye mwaka wake umetimia asichelewe kuomba.

Aliyeingia kwa bahati nasibu ya viza anayo Green Card tayari, lakini mtu mzima kwa kawaida hungoja miaka mitano kabla ya kupata misaada hiyo. Sharti hilo si jipya, ni la mwaka 1996. Mtoto aliyezaliwa Marekani ni raia, na mzazi anaweza kuomba msaada kwa niaba ya mtoto hata kama yeye mwenyewe hana sifa.

Kuhusu kutuma fedha: tangu Januari 1, 2026 kuna kodi ya asilimia 1, inayomgusa anayepeleka noti mkononi kwa wakala wa huko. Dola 200 zinakatwa dola 2. Akituma kutoka akaunti ya benki au kwa kadi ya benki ya Marekani, kodi hiyo haipo. Mwambieni atumie akaunti.

Nianzie wapi?

Na namba ya NIDA na cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, ukivilinganisha jina kwa jina. Ukimaliza, nenda ofisi ya kijiji na uombe kuona kama kaya yako imeandikwa, na watu wangapi. Huduma ya kuangalia orodha hailipiwi. Ukiombwa hela, omba risiti kwanza. Na mkutano wa kijiji ukitangazwa, hudhuria, na umtaje jirani yako asiyeweza kufika.